Mgeni Aje Lini?

Miaka kadhaa iliyopita nilipata mgeni kutoka Hokkaido, kile kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani. Alikuwa kijana mwenye elimu ya kilimo, na kilichomleta Same ni habari za Ndungu, ambako nchi yake ilisaidia kujenga mradi wa kumwagilia mpunga katika miaka ya 1980. Alikaa siku tatu, mwezi wa Agosti. Aliona vumbi, miiba, mibuyu isiyo na jani hata moja, na milima iliyofunikwa ukungu asubuhi hadi jioni. Hakulalamika hata mara moja. Siku ya kuondoka, tukiwa stendi tunasubiri basi la Moshi, aliniuliza: "Nikirudi, nije majira gani?"

Akaniambia kwamba kwao swali hili ndilo la kwanza kuulizwa na kila mgeni, na kwamba wenyeji wana majibu manne. Anayetaka theluji aende Februari, wakati mji wa Sapporo unapofanya tamasha la sanamu za theluji lililoanza mwaka 1950. Anayetaka maua aende Julai, mashamba ya Furano yanapogeuka zambarau. Kuna mwezi wa majani mekundu, na kuna majuma ambayo bahari ya kaskazini hujaa mapande ya barafu yanayoelea, na watu hupanda meli kwenda kuyatazama. Nilistaajabu. Kwao hata baridi kali, ambayo sisi tungeiita adhabu, imepewa nafasi yake ya kukaribisha wageni.

Mimi nilimjibu upesi upesi, kama tunavyojibu wote: "Njoo hivi hivi ulivyokuja, wakati wa kiangazi. Njia zinakuwa kavu." Basi likaondoka. Nilipokuwa narudi nyumbani nilihisi kwamba nimemdanganya mgeni wangu, ingawa kila neno nililosema lilikuwa kweli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza: je, waliowahi kuja Upare walikuja majira gani, na walipata nini, na sisi tulipata nini kwao? Hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia hapa.

Kwanza msomaji hana budi kuielewa nchi yenyewe. Mvua zetu ni mbili. Ya vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba. Ya masika huanza Machi na kwisha Mei. Katikati yake, Januari na Februari, kuna joto kali. Kuanzia Juni hadi Septemba ni ukame huku chini, na juu milimani ni kipupwe, baridi na ukungu. Lakini mvua hizi hazigawiwi sawa. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi na kugonga upande wa mashariki wa milima, kwa hiyo Gonja na Mamba hupata maji, na kilele cha Shengena, chenye urefu unaozidi meta 2,400, kimevaa msitu mzito wa Chome. Pepo zikishavuka mgongo wa milima zinakuwa zimekwisha kumwaga mzigo wao. Mji wa Same uko upande wa pili. Sisi tunaona mawingu yakitua juu ya vichwa vya ndugu zetu, na mvua hatuioni. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Aliyesema hivyo hakuwa mkazi wa Same.

Kwa sababu hiyo Wapare wa zamani walijenga maisha yao juu, wala si chini. Huko waliikamata mvua isiwapite. Walichimba mifereji, wakajenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe ambayo hujazwa maji usiku na kufunguliwa mchana ili kila shamba lipate kwa zamu. Ndiva hizo ziko hadi leo, na zamu yake ina sheria, na mwenye kuiba zamu ya mwenzake hukumbukwa kwa muda mrefu kuliko mwizi wa mbuzi. Aliyeaminiwa kuwa na dawa ya mvua aliheshimiwa karibu sawa na mtawala. Hapa mvua haikuwa hali ya hewa tu. Ilikuwa mambo ya utawala.

Huko chini uwandani palikuwa njia ya wapita njia. Misafara ya biashara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilifuata bonde la mto, kwa sababu mto haukauki hata kiangazi. Wageni wengi wa zamani waliiona milima yetu kwa mbali tu, mkono wao wa kulia, wakapita. Waliopanda walikuwa wachache. Katikati ya mwaka 1861, wakati wa kiangazi, Mjerumani Karl von der Decken na Mwingereza Richard Thornton, mtaalamu wa miamba, walikuja huku wakielekea Kilimanjaro, wakapita Ugweno na Ziwa Jipe. Ugweno ilikuwa nchi ya wahunzi, na chuma chake kiliuzwa hadi Uchagani. Lakini msafara mmoja uliopanda haukubadili mazoea. Kwa wapita njia walio wengi Upare ilikuwa ukuta wa buluu kando ya njia, na uwanda mkavu wa kuvukwa haraka. Nadhani hapo ndipo jibu letu la "njoo kiangazi" lilipoanza kuwagharimu wageni. Anayekuja kiangazi na kupita chini huondoka akiamini kwamba ameiona Upare.

Wapo waliokuja wakati wa vuli. Novemba 1903 wamisionari wawili wa Kisabato kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare ya kusini wakaanzisha kituo cha kwanza cha kanisa lao katika nchi hii. Walikiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Kila nikilisikia jina hilo nafikiri juu ya mwezi waliofika. Novemba ndio mwezi ambao milima yetu huamka: mahindi yanachomoza, maji yanasikika kila upande, na kila mtu yuko shambani na jembe lake. Mtu akifika katika wiki hizo ni rahisi kuamini kwamba amefika mahali pa amani. Wao walikaa, wakajifunza lugha, wakaona pia miezi mingine. Tofauti ya mpita njia na mkaaji ni hiyo: mkaaji huona miezi yote kumi na miwili, na baada ya mwaka mmoja hana tena haki ya kusema hakujua.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima yetu, Hedaru, Makanya, Same. Watu walidhani sasa majira yamekwisha kushindwa, kwa kuwa gari la moshi halina haja ya kusubiri tope likauke. Haikupita miaka mitano vita vikawaonyesha kwamba majira hayajashindwa hata kidogo.

Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts liliingia kutoka Kenya, likatwaa Taveta, Moshi na Kahe kabla mwezi haujakwisha. Wajerumani walirudi nyuma kufuata reli. Ingekuwa kiangazi, Smuts angewafuata siku ileile. Lakini masika yakashuka. Barabara zikawa mito, mito ikawa maziwa, na jeshi kubwa likakaa chini ya Kilimanjaro likingoja. Sehemu ya jeshi hilo iliyokuwa imetumwa Kondoa Irangi chini ya Van Deventer ilifika huko Aprili ikiwa hoi, ikakatwa na mvua, chakula hakipiti, farasi wakifa kwa wingi. Hakuna ngome ya Kijerumani iliyomchelewesha Smuts kama mvua ile.

Mwishoni mwa Mei udongo ukaanza kukauka, na jeshi likaondoka. Lilishuka kwa kufuata mto na kwa kufuata reli, likapita Same, na Mei ilipokwisha lilikuwa Buiko. Juni 9 lilikuwa Mombo. Wajerumani walikuwa wakivunja madaraja na kung'oa reli walipokuwa wakirudi nyuma. Wanaume wa nchi hii walichukuliwa na pande zote mbili wabebe mizigo, na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita ile walikuwa wengi kupita askari waliokufa kwa risasi.

Sasa msomaji atazame jambo moja. Ukimwuliza mtu yeyote anayeifahamu Upare vizuri ni wakati gani bora wa kuja, na ukamlazimisha achague majuma machache tu, atakwambia: mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Mvua imekoma, vumbi bado halijaanza, majani ni mabichi, maharage mapya yapo, na asubuhi nyingine unaweza kuiona Kilimanjaro yote bila wingu. Majuma hayo hayo ndiyo aliyoyachagua Jenerali Smuts. Njia ikikauka hukauka kwa wote. Haichagui kumkausha mwenye zawadi na kumzuia mwenye bunduki. Nimeelewa kwa nini wazee wetu wa milimani, ambao hawakuwa watu wakali, hawakuwa na haraka ya kutengeneza barabara ya kuwafikia. Masika ilikuwa lango, nao walikuwa wamezoea kulala lango likiwa limefungwa.

Lakini kuna safari nyingine katika historia yetu, na hii ilikwenda upande mwingine. Katika miaka ya vita ya pili serikali ya Mwingereza na watawala wa jadi walianzisha Upare kodi mpya iliyoitwa mbiru. Badala ya kila mwanamume kulipa sawa, kila mmoja alikadiriwa kwa mali yake: mifugo, migomba, mashamba. Katika makaratasi jambo hilo lilionekana la haki. Kwa watu halikuwa hivyo, maana hakuna aliyejua makadirio yalifanywaje, na jirani wawili wenye migomba sawa waliambiwa viwango tofauti. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, ameandika habari hizo kwa kirefu.

Januari 1945 Wapare walishuka. Maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani kwa miguu hadi boma la Same kumwona Mkuu wa Wilaya, na hawakurudi siku ile. Walikaa hapo majuma kwa majuma, bila silaha, bila kumpiga mtu, wakisema hawataondoka mpaka mbiru iondolewe. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliingia katika ugomvi huo kwa kishindo. Haikupita miaka mitatu kodi ikawa imeondolewa.

Anayeijua Same katika Januari hahitaji kuambiwa maana ya kukaa hapo. Ni mwezi wa jua linalopasua mawe. Aidha ni mwezi ambao milimani mazao ya vuli yanahitaji mikono, na mashamba ya masika yanahitaji kutayarishwa kabla ya Machi. Mkulima anayekaa Same majuma mengi mwezi huo anajua hasa anachopoteza, kwa sababu shamba halimsubiri mtu. Kwa hiyo mimi huiona Mbiru pia kama habari ya majira. Serikali ilizoea kuwatembelea Wapare kwa wakati wake yenyewe. Mara hii Wapare ndio waliokuwa wageni, wakaitembelea serikali, tena kwa wakati ambao uliwagharimu wao zaidi kuliko wenyeji wao. Mgeni aliyekuja kwa gharama namna hiyo hafukuziki kwa maneno.

Upande wa pili wa mji wetu kuna Mkomazi. Mwaka 1951 lilifanywa pori la akiba, na baadaye likawa hifadhi ya taifa. Leo watalii huambiwa waje kiangazi, kwa sababu maji yakiwa machache wanyama hukusanyika penye mabwawa na huonekana kwa urahisi. Hayo ni kweli. Lakini tembo wenyewe wana shauri jingine. Wakati wa mvua, nyasi zinapochipua, ndipo makundi makubwa huvuka kutoka Tsavo ya Kenya na kuingia Mkomazi, kisha kiangazi wengi wao hurudi. Hivyo mgeni anayekuja kwa ushauri mzuri anakuta tembo wachache anaowaona vizuri, na anayekuja kwa ushauri mbaya anakuja wakati tembo ni wengi na haoni hata mmoja kwa urefu wa majani. Wafugaji nao walikuwa na ratiba hiyo hiyo ya tembo: waliingiza ng'ombe Mkomazi wakati wa mvua, na kiangazi wakasogea penye maji. Mwaka 1988 waliondolewa. Miaka michache baadaye, mwaka 1997, faru weusi walisafirishwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini wakaletwa humo, wakatiwa katika eneo la ulinzi. Mimi nawapenda faru wale, na nafurahi kwamba wapo. Lakini siwezi kusahau kwamba kwa wafugaji majira ya kutembelea Mkomazi yalikwisha, na kwa wageni wa mbali yakaanza.

Nikiri sasa kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na jibu langu la siri. Ndugu na rafiki wa karibu, wale nisiowapa jibu la stendi, nilikuwa nawaambia waje Novemba. Njooni vuli, nilisema, muione Mamba na Gonja zikiwa kijani, tangawizi ikistawi mtelemkoni, maji yakiruka kwenye kila jiwe. Niliona fahari. Niliamini kwamba anayekuja vuli ndiye anayetuona tulivyo.

Kisha ikaja Novemba 2009. Mvua ya vuli ilinyesha usiku na mchana, na huko Goha, katika Mamba Miamba, mlima ulimeguka ukazifunika nyumba za watu. Walikufa zaidi ya watu 20, wakubwa kwa watoto. Mtelemko ule ule niliokuwa nikiwasifia wageni ndio uliowashukia. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo sikumwambia mtu yeyote aje vuli. Niliona aibu kwa ajili ya uzuri niliokuwa nimeusifu bila kuusoma. Maji yale yale yanayotulisha yana siku zake za kutudai, na wenyeji wa Goha walikuwa wamelijua hilo siku zote, kwa kuwa wanaishi nalo. Niliyekuwa sijui ni mimi, ambaye nimekaa chini na kwenda juu kama mgeni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mzaliwa anaweza kuwa mpita njia.

Tangu hapo nimefikiri upya lile neno la wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumelichukulia kama mzaha wa kumfukuza mgeni asiyejua kuaga. Mimi sasa naliona kama jibu la swali la yule kijana wa Hokkaido. Jembe halitolewi kila mwezi. Mwezi wa Agosti ukimpa mgeni jembe hapa Same unamkejeli, maana ardhi ni ngumu kama tofali. Jembe hutolewa mvua inapokaribia. Kwa hiyo majira ya kumkaribisha mgeni tunayetaka atujue ni yale ambayo tuna kazi ya kumpa.

Nilimwandikia barua. Nilimwambia kwamba jibu nililompa stendi lilikuwa la mtu mwenye haraka. Nikamwambia: ukitaka kuiona Upare, njoo mwisho wa Mei. Njia itakuwa nzuri na macho yako yatafurahi, lakini ujue kwamba wote waliotaka kutupita haraka walipenda pia wakati huo. Ukitaka kuwaona tembo, uliza kwanza nyasi. Lakini ukitaka kutufahamu, njoo Septemba mwishoni, wakati ambao hakuna kitu cha kuona. Nchi itakuwa imekauka, ng'ombe wamekonda, na kila mtu anatazama mashariki bila kusema anatazama nini. Ndiva zinazibuliwa, mifereji inasafishwa, na kazi hiyo hufanywa na watu wengi kwa pamoja. Kaa nasi mpaka tone la kwanza. Lete viatu vya tope, na usiogope kushika jembe.

Alijibu baada ya miezi miwili. Alisema kwamba kwao nako kuna majuma ambayo hayamo katika karatasi za watalii, theluji inapoanza kuyeyuka na kila kitu ni tope jeusi, na mgeni haji. Ndipo babu yake alikuwa akitoka nje kila asubuhi kushika udongo kwa mkono, aone kama uko tayari.

Bado hajaja. Kila Septemba, nikisikia upepo umegeuka, namkumbuka, na huenda mpaka mferejini kutazama kama zamu yetu ya kusafisha imefika.